Kununua Saa ya Gofu Chini ya Paa

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika chumba cha gofu ya ndani jijini Nairobi hukutana kwanza na giza, kisha na pazia kubwa jeupe lililoangaziwa picha ya uwanja wa kijani, na mwishowe na zulia la nyasi bandia lenye mpira mmoja juu yake. Anapewa fimbo, anaupiga mpira, nao unaligonga pazia na kuanguka chini. Katika picha, hata hivyo, mpira unaendelea kupaa, unapinda kidogo kulia, unatua na kubiringika karibu na bendera. Kando ya picha inatokea nambari: mita 196. Watu walioketi nyuma yake wanapiga makofi.

Mteja huyo hana njia ya kujua kwa macho yake iwapo nambari hiyo ni ya kweli, ingawa sehemu kubwa ya kile anacholipia ni nambari hiyo hiyo. Ndiyo maana tumeona vyema kutenga somo hili kwa ajili ya gofu ya simuleta, huduma ambayo imeanza kuenea katika miji yetu na ambayo watumiaji wengi huinunua wakiwa hawajui ni nini hasa wanachonunua.

Biashara yenyewe si ya jana. Kampuni ya Golfzon ya Korea Kusini ilianzishwa mwaka 2000, na katika nchi ile kupiga mpira kwenye pazia baada ya kazi ni burudani ya kawaida mno. Tangu Januari 2025 kuna hata ligi nchini Marekani, iitwayo TGL, ambamo wachezaji wa kulipwa hushindana ndani ya ukumbi huko Florida. Kwetu Kenya, mchezo huu umekaa miaka mingi nyuma ya malango ya klabu, na klabu nyingi zingali zinamtaka mgeni aje na mwanachama au aonyeshe cheti cha hendikapu. Chumba cha kulipia kwa saa kimemfungulia mlango mtu ambaye hangeweza kulipa ada ya uanachama. Hilo tunalikaribisha. Tunachotaka ni kwamba anayeingia kwa mlango huo asitozwe kwa kutojua kwake.

NAMBARI ILIYO UKUTANI

Simuleta haioni mpira ukitua, kwa sababu mpira hautui. Husafiri mita chache tu kutoka kwenye zulia hadi kwenye pazia. Katika safari hiyo fupi, kamera za kasi au rada hupima mambo machache: kasi ya mpira, pembe ya kupaa kwake, mwelekeo wake, na jinsi unavyojizungusha angani. Mengine yote, yaani umbali, mpindo na mahali pa kutua, hukokotolewa na programu ya kompyuta. Nambari unayoiona ni jawabu la hesabu. Na jawabu la hesabu hutegemea tarakimu zilizoingizwa.

Kipimo kigumu kuliko vyote ni mzunguko wa mpira, na ndicho kinachoamua kama mpira utapinda au utakwenda sawa, utapaa au utazama. Vifaa vya bei kubwa huupima. Vifaa vya bei nafuu mara nyingi huukadiria kutokana na vipimo vingine. Baadhi ya vifaa vinahitaji mpira wenye alama maalumu ili mzunguko usomeke vizuri, na mpira wa kawaida ukitumiwa badala yake, mashine haitasema kwamba haijui. Itatoa nambari tu. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mhudumu ni hili: kifaa hiki hupima mzunguko wa mpira, au hukadiria? Mhudumu anayeijua kazi yake atakujibu kwa sentensi moja. Kukadiria si kosa. Kosa ni kumtoza mteja bei ya kipimo kwa kitu ambacho ni makadirio.

Liko jambo jingine ambalo kwetu lina uzito kuliko katika nchi nyingi, nalo ni mwinuko kutoka usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na katika hewa nyepesi mpira hukutana na ukinzani mdogo zaidi. Makadirio ya kawaida ni kwamba katika mwinuko wa namna hii mpira huenda mbali zaidi kwa takribani asilimia 6 hadi 10. Mpigo wa mita 200 kule Nyali unaweza kuwa wa mita 212 au hata 220 hapa Nairobi, bila mchezaji kuongeza nguvu yoyote.

Programu nyingi za simuleta humruhusu msimamizi kuchagua mwinuko, joto na upepo. Hapo ndipo penye shaka. Mashine iliyowekwa usawa wa bahari itamfanya mkazi wa Nairobi ajione dhaifu kuliko alivyo. Iliyowekwa mita 2,400 itampa mita ambazo hatazipata kwenye uwanja wowote wa jiji hili. Tulipokuwa tukiandaa somo hili, wawili wetu tulizuru vyumba kadhaa kama wateja wa kawaida, bila kujitambulisha. Katika kimoja tuliuliza mashine imewekwa mwinuko gani. Kijana aliyetuhudumia alicheka kwa heshima akasema, “Hapa kila mtu anapiga mbali, dada.” Katika kingine, mhudumu alifungua ukurasa wa mipangilio mbele yetu, akatuonyesha, akatueleza sababu ya kuchagua alivyochagua, kisha akaturuhusu tubadilishe na kulinganisha. Bei za vyumba hivyo viwili hazikupishana sana. Thamani yake ilipishana mno.

Zulia nalo lina siri yake. Anayeanza gofu hufanya kosa moja mara nyingi kuliko mengine yote: fimbo hugonga ardhi kabla ya kugonga mpira. Kwenye nyasi halisi fimbo huzama udongoni, nguvu hupotea, na mpira huenda nusu ya njia. Kwenye zulia gumu fimbo huteleza tu hadi ikaupata mpira, na mashine husoma mpigo wa kuridhisha. Mwanafunzi anaweza kurudia kosa hilo miezi mitatu, akipongezwa na nambari, kisha siku anayokanyaga nyasi akadhani amelogwa. Hatusemi kwamba zulia ni udanganyifu. Hakuna namna ya kuotesha nyasi kwenye ghorofa ya tatu. Tunasema mwalimu mwaminifu atakuambia jambo hili katika somo la kwanza, asingoje uligundue mwenyewe.

Kama tayari unacheza nje, una kipimo chako mwenyewe mkononi. Chukua fimbo unayoijua vizuri, piga mipira kumi, usahau miwili iliyokwenda mbali zaidi na miwili iliyokwenda karibu zaidi, kisha utazame sita iliyobaki. Ikiwa yote sita inapita umbali wako wa kawaida kwa mita ishirini, omba mipangilio iangaliwe kabla hujaanza kuhesabiwa saa. Kama ndio unaanza, usiusumbukie umbali. Tazama iwapo mipigo yako inakaribiana.

Na wala usinunue chochote kwa ahadi ya hendikapu. Mfumo wa Dunia wa Hendikapu, ulioanza kutumika mwaka 2020, hutambua alama zilizopatikana kwenye viwanja halisi vilivyokadiriwa ugumu wake. Mashimo 18 ya uwanja maarufu wa Scotland, uliyoyacheza mbele ya pazia katika jengo la Westlands, ni burudani njema, lakini hayaingii kwenye hesabu hiyo. Mtu akikuuzia kifurushi kwa maneno kwamba ukikimaliza utakuwa na hendikapu inayokubalika klabuni, maneno hayo ni ya kupotosha, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu huduma.

SAA, WATU NA STIMA

Vyumba vingi hukodishwa kwa saa, si kwa mtu. Jambo hili huonekana kuwa la manufaa kwa kikundi, na mara nyingine huwa hivyo. Tuchukue mfano. Tuseme bei ni Sh 3,000 kwa saa, na marafiki wanne wanakodi saa mbili. Watalipa Sh 6,000, yaani Sh 1,500 kila mmoja. Wanafurahi. Wanachagua uwanja wa mashimo 18, kwa kuwa ndio unaopendeza kwenye picha, na saa mbili zinapokwisha wako kwenye shimo la tisa.

Hesabu ya kawaida ni kwamba mchezaji mmoja huhitaji karibu saa nzima kumaliza mashimo 18 kwenye simuleta. Wachezaji wanne wanahitaji karibu saa nne. Wakiwa wageni wa mchezo, zaidi. Marafiki wetu walihitaji Sh 12,000, si Sh 6,000. Hapa hakuna ulaghai wowote. Ni hesabu tu ambayo muuzaji hana haraka ya kukufanyia, hasa pale ambapo chumba kiko wazi na mtu yuko tayari kuongeza saa moja baada ya nyingine. Wanne kwa saa mbili wacheze mashimo tisa.

Uliza pia saa huanza kuhesabiwa lini. Je, ni wakati uliowekewa nafasi, wakati ulipofika, au wakati mashine ilipowashwa na jina lako kuandikwa? Dakika kumi na tano za kusajili majina, kuchagua uwanja na kutafuta fimbo zinazomfaa mtu mfupi ni robo ya pesa yako. Mahali panapojali wateja, muda huo hauhesabiwi kwa mgeni wa mara ya kwanza.

Kuna gharama zinazofuata nyuma: kukodi fimbo, kununua glovu, ada ya huduma, na kiwango cha chini cha kununua vinywaji mwishoni mwa juma. Tozo hizi si haramu kwa kuwa zipo tu. Lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumtoza mtumiaji wa huduma ada ambazo hakufahamishwa kabla ya kutozwa au kabla ya kupewa huduma. Bei iliyoandikwa ukutani ikisema Sh 3,000 na ankara ikaja na Sh 3,480, uliza hapo hapo. Huenda tofauti hiyo ni kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, nawe ungepaswa kuambiwa mapema kwamba bei ya ukutani haikuijumlisha.

Sasa stima. Hakuna mwongozo wa nchi za nje utakaokuambia haya, kwa hiyo tunayaeleza kwa kirefu kidogo. Simuleta ni kompyuta, projekta, kamera na, kwa programu nyingi, intaneti. Umeme ukikatika, jenereta ya jengo inaweza kurudisha taa kwa nusu dakika, lakini kompyuta itaanza upya, programu itafunguliwa upya, na pengine kifaa kitalazimika kulinganishwa tena na zulia kabla ya kusoma sawasawa. Dakika ishirini zimekwenda. Ni za nani? Tuliuliza swali hili kila tulipokwenda, na majibu yalitofautiana kuanzia “tunakuongezea muda wote uliopotea” hadi “hiyo ni shida ya stima, si yetu.”

Msimamo wetu ni huu. Mtumiaji amelipia saa ya kucheza. Hakulipia saa ya kuketi gizani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaostahili, pamoja na maelezo yanayohitajika ili anufaike nazo kikamilifu. Mwenye biashara hawezi kuzuia umeme usikatike, lakini anaweza kuandika kanuni yake kuhusu muda uliopotea na kuibandika mahali inaposomeka. Kama haijabandikwa, itafute kabla hujalipa, na jibu lolote utakalopewa kwa mdomo uombe litumwe kwa ujumbe wa simu. Ujumbe mfupi wa maneno ishirini umewahi kumaliza mabishano marefu.

KIFURUSHI CHA MASOMO

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, na ndipo tunapomwomba msomaji asome polepole.

Tuseme somo moja la saa moja pamoja na mwalimu ni Sh 4,000. Kituo kinakupa kifurushi cha masomo 15 kwa Sh 45,000. Hiyo ni Sh 3,000 kwa somo. Ungelipia moja moja yangekugharimu Sh 60,000. Umeokoa Sh 15,000, asema muuzaji, na hesabu yake ni sahihi, mradi uhudhurie masomo yote 15.

Tufanye hesabu ile ile kutoka upande wa pili. Ukihudhuria masomo 11 tu, ungelipa Sh 44,000 kwa bei ya somo moja moja. Kifurushi kimekula Sh 1,000 zaidi. Faida yako inaanza kwenye somo la kumi na mbili. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama wewe, pamoja na kazi yako, foleni za jioni, harusi na misiba, utahudhuria angalau masomo 12 kabla kifurushi hakijaisha muda. Vifurushi vingi vina mwisho wa muda. Ikiwa muda ni miezi mitatu, masomo 12 ni takribani somo moja kila juma, bila kukosa. Anayejijua atajijibu.

Tuendelee na mfano. Mteja huyo amehudhuria masomo sita. Siku moja anakuta mlango umefungwa kwa kufuli na karatasi imebandikwa: kituo kinahamia mahali pengine, wateja watajulishwa. Hawajulishwi. Kwa bei ya somo moja moja angekuwa ametumia Sh 24,000. Ametumia Sh 45,000. Sh 21,000 zimebaki mikononi mwa kampuni ambayo haipokei simu. Na ikiwa kampuni hiyo imefilisika, mteja aliyelipa mapema husimama kwenye foleni ya wadai wasio na dhamana, nyuma ya wale walioikopesha kwa dhamana.

Maana yake ni kwamba punguzo la Sh 15,000 halikuwa zawadi. Lilikuwa malipo ya mkopo: wewe uliikopesha biashara pesa zako, bila riba nyingine, bila dhamana, na bila kuuliza hali ya vitabu vyake. Benki isingefanya hivyo. Hatumkatazi mtu kununua kifurushi, kwa maana wapo wenye vituo walio waaminifu na wanaotegemea malipo hayo kulipa kodi ya nyumba. Tunamshauri anunue kidogo kidogo. Masomo matano kwanza, hata kama punguzo lake ni dogo. Ukiridhika, matano mengine.

Kabla ya kulipa, yafuatayo yawe kwenye maandishi: idadi ya masomo na urefu wa kila somo, tarehe ya mwisho, itakuwaje ukiugua au ukihamishwa kikazi, kama unaweza kumpa ndugu yako masomo yaliyobaki, na itakuwaje mwalimu akiondoka. Hili la mwisho husahaulika. Watu hununua masomo kwa sababu ya mwalimu fulani, na walimu wa gofu huhama. Mkataba ukisema tu “mwalimu”, yeyote atatosha. Ukimtaka huyo huyo, jina lake liandikwe, pamoja na haki yako ya kurudishiwa pesa za masomo yaliyobaki iwapo atahama. Na mwombe akuonyeshe cheti chake cha ualimu. Kupiga mpira vizuri na kufundisha vizuri ni kazi mbili.

Lipa kwa nambari ya biashara, si kwa simu ya mtu. Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kwenye ujumbe wa uthibitisho na uone kama ndilo lililo kwenye risiti. Katika mojawapo ya ziara zetu, mhudumu mwenye tabasamu alituomba tutume pesa kwa nambari yake binafsi kwa kuwa “mashine ya kupokea malipo imelala.” Tuliahirisha ziara hadi mashine ilipoamka.

FIMBO MPYA

Baadhi ya vituo huuza vifaa, na simuleta ni muuzaji hodari. Unapiga kwa fimbo yako ya zamani, mita 130. Unapiga kwa fimbo mpya yenye nambari ile ile 7, mita 142. Nani hatanunua? Ila uliza kitu kimoja: mwinamo wa uso wa fimbo hizo mbili ni nyuzi ngapi? Zamani fimbo ya chuma nambari 7 ilikuwa na mwinamo wa nyuzi 34 hadi 36. Nyingi za leo zina nyuzi 30 au pungufu. Uso uliosimama zaidi hupeleka mpira mbali zaidi, kama ambavyo nambari 6 yako ya zamani ingeupeleka. Pengine umenunua nambari tu iliyochorwa chini ya fimbo. Linganisha fimbo zenye mwinamo unaokaribiana, kwenye mipangilio ile ile ya mashine, kwa mipira ile ile, na usinunue siku hiyo hiyo.

USALAMA WA MWILI

Mpira wa gofu hauzidi gramu 45.93 na kipenyo chake hakipungui milimita 42.67. Ni kitu kidogo na kigumu, na mtu mzima wa kawaida akiupiga kwa fimbo ndefu, hutoka kwa kasi inayoweza kupita kilomita 200 kwa saa. Katika chumba kilichofungwa kasi hiyo inapaswa kumezwa na pazia. Pazia lililochakaa, lililokazwa kupita kiasi, au lenye nguzo isiyofunikwa sifongo nyuma yake, huurudisha mpira kwa aliyeupiga. Kabla ya kuanza, tupa mpira kwa mkono kwenye pazia uone unavyoanguka. Ukirudi miguuni mwako kwa nguvu, zungumza na msimamizi.

Tazama juu. Dari ya mita tatu huwatosha wengi, lakini si wote. Mtu mrefu azungushe fimbo polepole mara mbili bila mpira, kwanza kwa fimbo fupi kisha kwa ile ndefu. Anayetumia mkono wa kushoto aulize kabla ya kuweka nafasi, kwa sababu vyumba vyembamba hupangwa kwa mkono wa kulia, naye akisimama upande wa pili fimbo itaukuta ukuta. Tumeona chumba kimoja ambacho alama za fimbo ukutani zilikuwa nyingi kiasi cha kuhesabika kama mapambo.

Mtu mmoja tu akanyage zulia kwa wakati mmoja. Ajali mbaya zaidi katika vyumba hivi haitokani na mpira. Ni fimbo inayorudi nyuma na kumpata mtoto aliyesogea kutazama. Kituo kinachopokea watoto kiwe na mstari sakafuni na kizuizi, na mzazi asitegemee mhudumu anayehudumia vyumba vinne kwa pamoja. Zulia gumu juu ya saruji, nalo, hurudisha mshtuko kwenye kifundo cha mkono na kiwiko. Maumivu upande wa ndani wa kiwiko baada ya mipira mia moja ni ishara ya kupumzika, hata kama zimebaki dakika ishirini ulizolipia.

Mlangoni huenda ukapewa fomu inayosema unaingia kwa hatari yako mwenyewe, au ukaona bango lenye maneno hayo. Isome. Lakini usidhani kwamba karatasi hiyo imemaliza kila kitu. Sheria ya Kenya kuhusu dhima ya mwenye jengo, Sura ya 34, humpa anayelimiliki au kulisimamia jengo wajibu wa kumwangalia mgeni wake kwa uangalifu unaostahili, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinataja ulinzi wa afya na usalama wa mtumiaji pamoja na fidia kwa madhara yanayotokana na kasoro ya bidhaa au huduma. Iwapo bango linamkinga mwenye kituo kwa tukio fulani, hilo ni la mahakama kuamua. Ukiumia, piga picha ya mahali ulipoumia kabla hapajarekebishwa, na uombe tukio liandikwe kwenye kitabu chao.

Kipengele kingine cha fomu hiyo kinachostahili jicho ni cha uharibifu. Vituo vingine huandika kwamba mteja atalipia pazia likichanika. Pazia ni ghali, na pazia huchakaa. Uliza kwanza kama lina michubuko, na kama lina, ioneshe na uipige picha. Safisha fimbo zako, usitumie mipira yenye mikwaruzo, vaa viatu vya raba visivyo na misumari. Ukifanya hivyo, mzigo wa kuthibitisha kwamba wewe ndiwe uliyelichana unakuwa mzito kwa upande wao.

PICHA ZAKO

Simuleta nyingi hurekodi video ya mwili wako ukipiga, na huhifadhi jina, simu na takwimu zako. Hizo ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Una haki ya kuambiwa zinatumiwaje, na kukataa zisiwekwe kwenye matangazo ya kituo mitandaoni. Kwa mtoto, ridhaa ya mzazi au mlezi inahitajika. Mchezo huchezwa vizuri tu bila video kuhifadhiwa, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba mashine haiwezi.

UKIKOSANA NAO

Anza na msimamizi, siku ile ile, kwa maandishi. Eleza ulichoahidiwa, ulichopata, na unachotaka: muda urudishwe, pesa zirudishwe, au somo lirudiwe. Taja kiasi. Malalamiko yasiyo na kiasi hujibiwa kwa pole. Mpe siku saba, ukimwambia kwamba ni saba.

Asipojibu, tuletee malalamiko yako kwa maandishi, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Pesa zenyewe unaweza kuzidai katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh 1,000,000. Huhitaji wakili, na sheria inaitaka mahakama hiyo itoe uamuzi ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa. Mteja wa mfano wetu, mwenye Sh 21,000 zilizonaswa nyuma ya kufuli, ana mahali pa kwenda, mradi ajue jina kamili la kampuni iliyopokea pesa. Hilo hupatikana kwenye risiti ya kodi, na ndiyo sababu tunasisitiza uidai hata unapolipia saa moja tu.

Beba risiti, ujumbe wa M-Pesa, nakala ya masharti, na picha ya bango la bei. Picha hiyo ipigwe unapoingia. Unapotoka na mgogoro, bango huwa tayari limebadilishwa.